Deni la Jina

Julai 2021 kampuni ya Traton, tawi la malori la Volkswagen, ilikamilisha ununuzi wa Navistar ya Marekani kwa takriban dola bilioni 3.7. Kilichokuwa kikitafutwa ni malori: viwanda vyake, wateja wake, na nafasi katika soko la Amerika Kaskazini ambalo Wajerumani hao walilitamani kwa miaka mingi. Lakini pamoja na mali hiyo kulikuwa na jina ambalo halikuwa limebandikwa kwenye gari jipya tangu mwaka 1980. Jina hilo ni Scout. Mei 2022 Volkswagen ikatangaza kwamba italifufua kwa magari ya umeme, na Oktoba 2024 ikaonyesha magari mawili ya mfano: Traveler, ambalo ni gari la familia lenye uwezo wa porini, na Terra, ambalo ni pikapu. Kiwanda cha dola bilioni 2 kilianza kujengwa Blythewood, South Carolina, kikikusudiwa kutoa hadi magari 200,000 kwa mwaka. Ni fedha nyingi kuwekezwa katika jina ambalo Wamarekani wengi wenye umri wa chini ya miaka 50 hawajawahi kuliona kwenye gari jipya, na ni haki kuuliza ni kitu gani hasa kilichonunuliwa.

Jibu la haraka ni kwamba imenunuliwa kumbukumbu, nayo kumbukumbu huuza. Naliona jibu hilo ni fupi mno. Jina la gari la kazi haliundwi na kiwanda peke yake. Kiwanda hulitoa, kisha wakulima, wachimbaji, wapima ardhi na madereva wa barabara za vumbi hulipatia uzito wake kwa miaka mingi ya matumizi, kwa kulibebesha gari, kulizamisha, kulivunja na kulitengeneza tena. Kampuni inayolichukua baadaye inapokea kazi ambayo haikuifanya, na kwa hiyo inaingia katika deni. Nitajaribu kuonyesha kwamba deni hilo halilipwi kwa umbo la bodi wala kwa taa za mviringo, na kwamba injini ya mafuta si sharti la kulilipa. Linalipwa pale mwenye gari anapoweza kulitegemea mbali na aliyemuuzia, na kulitengeneza akiwa hukohuko.

Scout ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1960 katika kiwanda cha Fort Wayne, Indiana. Mtengenezaji wake, International Harvester, alijulikana kwa matrekta, mashine za kuvunia na malori. Jeep ilikuwa imekwisha kuwaonyesha Wamarekani kwamba gari dogo la jeshi linaweza kufanya kazi shambani, na Harvester ikataka gari la kushindana nalo ambalo halitamkera mtu anayelitumia siku nzima. Fedha za kubuni injini mpya zilikuwa haba, basi mafundi wakachukua injini ya V8 ya malori yao na kuigawa nusu. Ikapatikana injini ya silinda nne, ya ujazo wa lita 2.5, yenye nguvu ya farasi 93. Haikuwa na kasi, lakini sehemu zake nyingi zilikuwa zile zile ambazo fundi wa lori alizijua. Kioo cha mbele kiliweza kulazwa na paa kuondolewa. Ford Bronco ilikuja miaka mitano baadaye, Chevrolet Blazer ikafuata 1969, na zote zilikuja kugombea soko ambalo Scout na Jeep zilikuwa zimelifungua.

Jambo moja katika historia hiyo husahaulika kila mara magari haya yanapopigwa picha za kupendeza, nalo ndilo lililo muhimu kuliko yote. Scout nyingi ziliuzwa mahali palepale palipouzwa matrekta. Mkulima aliyekwenda mjini kutafuta kisu cha mashine ya kukatia nyasi aliikuta Scout imeegeshwa mbele ya duka, na spea zake zilikuwa kwenye rafu za duka hilohilo. Muuzaji alimfahamu, alijua shamba lake liko wapi, na alijua kwamba trekta likiharibika wakati wa mavuno hakuna kusubiri wiki mbili. Mtandao ule wa mawakala wa vijijini ulikuwa sehemu ya gari sawa na ekseli zake. Ukiuondoa, inabaki bodi nyepesi ya bati ambayo, kusema kweli, ilishikwa na kutu upesi kuliko ilivyostahili.

Kifo chake hakikusababishwa na kukosa wapenzi. Zaidi ya Scout 500,000 zilikuwa zimetengenezwa kufikia mwisho. Novemba 1979 wafanyakazi wa Harvester waligoma, na mgomo ukaendelea kwa karibu miezi sita. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, riba za benki zilikuwa juu, na kampuni ilikuwa imelemewa na madeni. Oktoba 1980 Scout ya mwisho ikatoka kiwandani. Miaka michache baadaye kitengo cha matrekta kikauzwa, na kilichobaki, yaani malori, kikachukua jina la Navistar mwaka 1986. Kwa hiyo gari lilikufa kwa sababu ya hesabu za kampuni mama, huku heshima yake kwa watumiaji ikiwa bado nzima. Hali hiyo ni adimu. Majina mengi yanayofufuliwa yalikwisha kuchakazwa na wenyewe kabla hayajazikwa.

Tazama Blazer. Ile ya 1969 ilijengwa juu ya fremu ya pikapu iliyofupishwa, na ilikwenda popote pikapu ilipokwenda. Jina liliporudi mwaka 2018, lilibandikwa kwenye gari la familia lililojengwa kama saluni iliyoinuliwa, na toleo lake la bei ya chini liliendeshwa na magurudumu ya mbele tu. Blazer ya umeme iliyofuata nayo ni gari la barabarani. Huenda yote mawili ni mazuri kwa safari za mjini, na sina ugomvi na anayeyanunua. Ugomvi wangu ni na matumizi ya jina, kwa sababu hakuna kazi hata moja ya Blazer ya kwanza ambayo mrithi huyu aliumbwa kuifanya. Bronco ilifuata njia nyingine. Ilipotangazwa upya mwaka 2020, Ford waliirudishia fremu yake, milango ya kuondolewa, paa la kuondolewa na gia nzito za kupandia mawe. Wanunuzi waliielewa mara moja, na orodha ya waliokuwa wakiisubiri ikawa ndefu. Majina haya mawili yalikuwa mahasimu kwa karibu miaka 30, na tofauti ya urithi wao ilitokana na uamuzi uliofanywa katika ofisi za uhandisi kabla ya tangazo lolote kuandikwa.

Hapa msomaji makini atanitajia Defender. Land Rover ilizaliwa 1948, ikapewa jina la Defender mwaka 1990, ikaacha kutengenezwa Solihull mwezi Januari 2016, kisha jina likarudi mwaka 2019 juu ya gari lisilo na fremu ya chini, lenye bodi moja ya alumini, springi za hewa na kompyuta nyingi. Kwa kipimo changu hilo lingepaswa kushindwa, na badala yake limeuzwa vizuri sana duniani. Pingamizi hili lina nguvu na sitalikwepa. Kwanza, Defender mpya ina uwezo wa kweli wa kupita matope na mito, na wahandisi wake hawakudanganya. Pili, mafanikio ya mauzo yanatuambia nani ananunua sasa, lakini hayatuambii wale wa zamani wamekwenda wapi. Mashirika ya misaada, migodi na kampuni nyingi za utalii za Tanzania na Kenya, ambazo zamani zilikuwa himaya ya Land Rover, zimeegemea Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari ambalo muundo wake wa msingi ni wa mwaka 1984. Wanalichagua kwa sababu fundi wa Karatu au wa Isiolo analifahamu na spea zake zinapatikana. Defender ilipata wateja wapya wenye fedha, na wale walioipa jina wakaenda kwingine.

Kisa hicho kina upande wa kisheria unaofundisha zaidi. Tajiri wa Uingereza Jim Ratcliffe alipoona Defender ya zamani inaondoka, kampuni yake ya Ineos iliamua kutengeneza gari la kuchukua nafasi yake, Grenadier, lenye fremu, ekseli za chuma na umbo linalofanana mno na lile la kale. Jaguar Land Rover walijaribu kusajili umbo la Defender kama alama ya biashara. Ofisi ya miliki ubunifu ya Uingereza ikakataa, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaukubali uamuzi huo: tofauti ambazo wataalamu wa magari waliziona muhimu hazikutosha kulitambulisha umbo lile machoni mwa mnunuzi wa kawaida. Matokeo yake ni kwamba kampuni moja inamiliki jina, na nyingine imejenga gari linalokaribia mwili ulioachwa. Sheria inaweza kulinda herufi za jina, lakini haina namna ya kumlazimisha mwenye nalo alitendee haki. Kwa hiyo anayesema kwamba jina ni mali ya kampuni na kampuni ina uhuru wa kulibandika popote, kisheria anasema kweli. Mimi nazungumzia wajibu ambao mahakama haziupimi.

Nirudi kwenye umeme, maana wapenzi wa magari ya kale wengi wanaamini kwamba hapo ndipo usaliti unapoanza. Ushahidi hauwaungi mkono. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu likiwa limesimama, na hiyo ndiyo nguvu dereva anayoihitaji anapopanda jiwe taratibu au kujinasua kwenye mchanga. Injini ya mafuta hufikia hapo kwa msaada wa klachi na gia nzito. Mota haivuti hewa, kwa hiyo maji hayana njia ya kuingia kupitia bomba la hewa. Mercedes walipotoa G-Class ya umeme mwaka 2024, walibakiza fremu yake ya zamani, wakaweka mota nne, moja kwa kila gurudumu, na gari likaweza kupita maji ya kina cha sentimita 85, yaani 15 zaidi ya ndugu yake wa petroli. Migodini hoja ni nyepesi zaidi. Moshi wa dizeli chini ya ardhi ni hatari kwa mapafu, na kuuondoa kunahitaji mitambo ghali ya kupitisha hewa. Ndiyo maana kampuni ya Tembo ya Uholanzi imekuwa ikigeuza Land Cruiser kuwa za umeme kwa ajili ya migodi, na kampuni ya migodi ya BHP ikalijaribu gari la namna hiyo Australia mwaka 2021. Nairobi, kampuni iliyoanza kwa jina la Opibus, ambayo leo inaitwa Roam, iligeuza magari ya safari kuwa ya umeme, na faida moja ikawa wazi kwa kila mtalii: gari linamsogelea mnyama bila mngurumo. Kwa magari hayo yote, umeme ulikuja kuitumikia kazi ya gari.

Tatizo la kweli ni akiba ya nishati. Lita moja ya dizeli ina takriban kilowati-saa 10 za nishati. Dumu la lita 20, ambalo mtu mmoja analibeba mkononi, lina takriban 200, na hata injini ikipoteza theluthi mbili kwa joto, bado zinabaki zaidi ya 60 za kusukuma gari. Betri ya kubeba kiasi hicho cha kazi ina uzito wa mamia ya kilo, na huwezi kuifunga kwenye kibebeo cha nyuma. Hummer ya umeme ilijaribu kulitatua hili kwa ukubwa: ina uzito wa zaidi ya kilo 4,000, na betri peke yake ni zaidi ya tani moja. Uzito huo haufai kwenye daraja la magogo wala kwenye tope la masika. Ni nguvu nyingi iliyowekwa mahali pasipoihitaji, na sioni ni deni gani inalilipa.

Hapo ndipo uamuzi wa Scout unapostahili kutazamwa kwa makini. Pamoja na toleo la betri tupu, linalokusudiwa kwenda takriban kilomita 560, kampuni imepanga toleo lenye injini ndogo ya petroli nyuma, iliyopewa jina la Harvester. Injini hiyo haiunganishwi na magurudumu. Kazi yake ni kuzungusha jenereta ya kuchaji betri, na kwa pamoja gari linatarajiwa kufika karibu kilomita 800. Wapo waliosema kwamba huo ni woga, kwamba gari la umeme linalobeba tangi la petroli limejisaliti. Wateja walioweka oda hawakuona hivyo, kwani kampuni ilitangaza kuwa zaidi ya asilimia 80 yao walitaka toleo la Harvester. Nawaunga mkono. Anayekwenda mahali ambapo nguzo ya umeme ya mwisho ipo kilomita 200 nyuma yake anafanya hesabu ya kurudi salama, na gari lililokubali hesabu hiyo limemheshimu. Chini yake pia kuna fremu, ekseli ya nyuma ya kipande kimoja, difu zinazofungwa kimitambo mbele na nyuma, na kimo cha zaidi ya sentimita 30 kutoka ardhini. Hayo ni maamuzi ya gharama, ambayo kampuni iliyotaka sura peke yake isingeyafanya. Volkswagen yenyewe ilikuwa na mfano wa njia rahisi katika ID. Buzz, gari la umeme lililovaa sura ya Kombi ya zamani. Lilishangiliwa sana, lakini Marekani bei yake ilianzia karibu dola 60,000, ilhali Kombi ilipendwa kwa kuwa mtu wa kawaida aliimudu. Scout inaahidi kuanzia chini ya dola 60,000. Hiyo si bei ya mkulima mdogo, na hapa deni halijaguswa.

Sehemu inayonitia wasiwasi zaidi ni matengenezo. Scout mpya itatumia mifumo ya kompyuta kutoka ushirikiano wa Volkswagen na Rivian, ambao Volkswagen imeahidi kuuingizia hadi dola bilioni 5.8. Programu nzuri hurahisisha mambo mengi, na hitilafu fulani zinaweza kurekebishwa gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Lakini programu hiyohiyo inaweza kumfungia fundi mlango. Kifaa kikibadilishwa na kompyuta ya gari ikakataa kukitambua mpaka kiwanda kitoe idhini, spana haina kazi tena. Watu wa Massachusetts waliliona hilo mapema: walipata sheria ya haki ya matengenezo mwaka 2012, kisha mwaka 2020 robo tatu ya wapiga kura wakaipanua ili taarifa ambazo gari hurusha kwa mtandao zimfikie mwenye gari na fundi anayemchagua. Watengenezaji wa magari walikwenda mahakamani kuipinga, wakisema wanalinda usalama dhidi ya wadukuzi. Usalama ni jambo halisi, lakini funguo za kuulinda zinaweza kutolewa kwa mafundi waliosajiliwa bila kumnyima kila mtu.

Hapo papo kuna suala la mauzo. Scout Motors imeamua kuuza moja kwa moja kwa mteja, bila mawakala, na mawakala wa Volkswagen wameishtaki. Wengi wanaitazama kesi hiyo kama ugomvi wa faida, na faida kweli imo. Mteja naye ana sababu za kuwachoka mawakala, kwa bei zao za kuongezea na majadiliano yasiyokwisha. Hata hivyo gari hili lilipata jina lake kupitia muuzaji wa matrekta aliyekuwa na rafu ya spea katika mji mdogo. Anayeliuza kupitia simu lazima aonyeshe nani atasimama mahali pa yule muuzaji, na gereji chache za kampuni katika majiji makubwa hazitoshi. Njia mojawapo ipo na haihitaji mawakala: kuchapisha vitabu vya ufundi kwa wote, kuuza spea kwa yeyote, na kutoa vifaa vya uchunguzi kwa gereji za kujitegemea kwa bei inayolipika.

Pingamizi la mwisho ndilo linalotolewa mara nyingi zaidi: kwamba wanunuzi wengi wa magari haya hawatatoka kwenye lami, basi kwa nini tuyahukumu kwa kazi ambayo hayataifanya? Kwamba wengi hawatatoka, nakubali. Lakini mnunuzi wa mjini analipa zaidi kwa sababu anaamini gari lingeweza, na imani hiyo ina msingi pale tu ambapo mwingine, mahali fulani, kweli anaingia nalo porini na kurudi. Mtumiaji wa kazi ndiye anayethibitisha jina kwa niaba ya wote. Akiondoka, kama alivyoiacha Land Rover, jina linaweza kuendelea kuuza kwa muda mrefu, lakini linaishi kwa akiba iliyowekwa na watu ambao halinao tena. Wala sisemi kwamba tuirudishe Scout ya 1961, yenye kutu, isiyo na mikanda ya maana na yenye breki za kutisha. Aliyelitumia gari lile aliyavumilia hayo kwa sababu alilihitaji, na angefurahi kuondolewa kila moja ya kasoro hizo.

Kwa hiyo hukumu juu ya Scout haiwezi kutolewa siku ya uzinduzi, hata kama fremu ipo na difu zinafungwa. Marekani dhamana ya betri za magari ya umeme kwa kawaida ni miaka 8 au kilomita 160,000. Magari ya kazi huanza maisha yake ya pili hapo, yanaponunuliwa na mtu wa tatu, asiye na mkataba na kampuni, mwenye fundi wake wa karibu na fedha kidogo. Ikiwa wakati huo sehemu moja mbovu ya betri itaweza kufunguliwa na kubadilishwa peke yake katika gereji ya kawaida, kwa spea inayouzwa wazi, basi mtu huyo atalitumia miaka 10 mingine. Ikiwa betri nzima italazimika kutupwa, au kompyuta ikikataa mkono wa fundi wake, gari litaishia uwanja wa vyuma chakavu likiwa na fremu nzima. Maamuzi ya jambo hilo hufanywa sasa, na wahandisi wanaochora makasha ya betri na mawakili wanaoandika masharti ya programu, na ni wao ambao wateja walioweka oda wanapaswa kuwauliza maswali kabla ya kuuliza rangi zilizopo.